Koti la Pamba Lililoshuka Bila Mwenyewe

Chumba cha Ushonaji,
Hospitali Kuu, mlango wa nyuma.
Tarehe 9, mwezi wa saba.

Mpendwa mjukuu wangu,

Huna adabu. Nimeanza na hilo nisije nikalisahau nikifika kwenye salamu. Simu hupokei. Ukitumiwa mtu, unajificha mpaka aondoke. Shangazi yako ukimjibu, unamjibu neno moja kama umepelekwa kituo cha polisi. Sikukulea hivyo. Barua hii nimempa dereva wa lori la matofali akuwekee mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka aone umeifungua.

Sasa salamu. Hujambo? Kifua kinaendeleaje, bado unakohoa asubuhi? Unakula, au unashindia chai? Mimi ni mzima. Mguu wa kushoto unavimba nikikanyaga cherehani kutwa nzima, lakini ile ya umeme siitaki, inakimbia kabla sijaamua pa kwenda. Babu yako macho yamepungua, ubishi haujapungua. Na mwandiko huu ni wangu, usidhani nimeandikiwa. Madarasa manne niliyosoma yanatosha kumgombeza mtu.

Kilichonikalisha hapa na kalamu ni habari ya Mama Pindo, mwenzangu wa cherehani ya pili, mama yake marehemu Mrefu, rafiki yako uliyekuwa ukibeba naye mizigo ya wageni kule mlimani. Mama Pindo ameupanda mlima ule. Ndiyo, yeye, na yale magoti yake yanayolia kuliko cherehani yake.

Wewe hujui kwa nini alipanda, kwa sababu mazishini ulisimama nyuma kabisa na ukaingia mitini kabla watu hawajanawa mikono. Siku ile mjuaji mmoja alisema, mama wa watu anasikia, kwamba kule juu pamba ni kifo, ikilowa inaganda mwilini. Na koti la Mrefu alilishona nani? Unalikumbuka. Shuka nzito za wodini zilizokwisha kazi, ndani pamba, mshono wa miraba, mikono mirefu kwa sababu ya ile mikono ya Mrefu isiyo na mwisho. Chumba kizima tulilipitisha mkono kwa mkono tukilisifia. Hakuna kati yetu aliyewahi kukanyaga barafu. Tulidhani baridi ni baridi tu, na kinachompa joto mgonjwa kitandani kitampa joto mpagazi.

Tangu mazishi hayo Mama Pindo hakugusa pamba. Mito ya wodini ikiletwa kujazwa, ananisukumia kwa rula, hata kidole hatii ndani. Mwaka mzima amekaa pembeni yangu, viwiko vyetu vinagongana, akiamini kwamba sindano yake ndiyo iliyomuua mwanawe. Halii. Anakunja pindo, anakata uzi, anachukua shuka nyingine.

Mwezi uliopita kiongozi wenu wa msafara ule ambao Mrefu alifia alikuja kumjulia hali. Mama Pindo akamwambia, "Nipeleke alipokaa mwanangu." Kiongozi akasema, "Mama, kule si sokoni." Akajibu, "Nami sina cha kununua." Wakaondoka, yeye na kiongozi na yule mpishi wenu.

Alivyosimulia, chini ni msitu unaodondosha maji hata jua likiwaka. Halafu miti inakoma yote pamoja, kana kwamba imekatazwa kuendelea. Baada ya hapo ni mawe na upepo. Pumzi ukivuta inaingia nusu. Unatembea kama bibi harusi, mguu mmoja, unasimama, mguu mwingine. Kichwa chake kilibanwa kama kitambaa chini ya mguu wa cherehani, akatapika mpaka maji. Kiongozi akataka kumrudisha. Akamwambia, "Mwanangu alipita hapa na mzigo kichwani. Mimi nimebeba nini?" Wakaendelea.

Wakapiga hema. Mpishi akamletea kikombe cha chai, na hapo baridi ikiwa imempata sawasawa, ndipo kwa mara ya kwanza akalitoa lile neno. Akasema, "Pamba yangu ndiyo iliyomuua mwanangu."

Mpishi akashangaa. "Pamba gani, mama? Mrefu hakuwa na koti."

"Alikuwa nalo. Nililishona mimi."

"Koti lilishuka, mama. Lilishuka na yule mwenzake mfupi, aliyeanza kutetemeka yeye. Mikono ilimfunika mpaka kwenye kucha, nikamkunjia mimi mwenyewe ashike kikombe. Nilidhani unajua. Tulipomrudia Mrefu alikuwa amekaa kwenye jiwe, na shati lake tu."

Nilipofika hapa niliweka kalamu chini, nikanywa maji.

Kulipokucha Mama Pindo alipanda mpaka kwenye hilo jiwe. Ni jiwe la kawaida, anasema, mtu angeweza kulipita. Akatoa uzi mfukoni, akauzungusha, akaupiga fundo mara mbili kama tunavyomaliza mshono, akakata kwa meno. Kileleni hakufika wala hakuuliza ni wapi. Akageuka akashuka.

Jumatatu akaja kazini mapema kuliko wote. Nilimkuta ameuvuta mto wa wodini, ameutumbukiza mkono ndani ya pamba mpaka kwenye kiwiko, ametulia hivyo. Akaniambia bila kunitazama, "Bi Mkubwa, koti lile liko kwa mjukuu wako."

Nikapandwa na hasira. "Mjukuu wangu si mwizi."

"Nimesema mwizi mimi?"

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kujua Mrefu alisema nini wakati analivua. Mtoto yule hakuweza hata kuvua viatu bila kusema neno. Ni hilo tu, Bi Mkubwa. Koti abaki nalo akitaka."

Nikaacha mshono katikati, nikatafuta karatasi na kalamu.

Sasa nisikilize. Sikukasirikii kwa kuwa umepona. Nani ana akili mbovu kiasi hicho? Nikikuwaza ndani ya lile koti unatetemeka, nataka kumpigia magoti aliyekuvika, na sina pa kumpigia. Ninachokukasirikia ni kwamba neno la mwisho la mtoto wa mtu unalo wewe, umelifungia kifuani na kikohozi chako, na mama yake mwaka mzima anasukuma pamba kwa rula. Ungemwambia siku ile ile ya mazishi, angelia kilio kingine, kilio cha mama aliyezaa mtu.

Na nimeelewa sasa kwa nini ulikwenda kutafuta kazi kwenye tanuri la matofali. Unadhani moto utakutoa ile baridi. Haitoki hivyo, mwanangu. Mimi ni mshonaji tu, lakini hilo nalijua.

Usiniambie huna uso wa kumtazama. Hatakutazama, atakuwa anashona. Kigoda nitakuwekea kati ya cherehani yake na yangu. Utakaa, utamwambia alivyosema, kama yalikuwa mzaha mwambie mzaha, kama alikutukana mwambie alivyokutukana. Usipambe. Ukishindwa katikati, nyamaza upumue, uendelee. Mimi nitakuwa pale, na sitafungua mdomo. Najua huamini, lakini sitafungua.

Shangazi yako anakusalimu, amekasirika lakini chumba chako amekifagia. Babu anakusalimu, anasema ukija umletee tofali moja alione, sijui kwa macho yapi. Yule mkata vitambaa wetu anayeimba naye anakusalimu. Wasalimie wote unaolala nao hapo, na msimamizi wenu mwambie nimesema akupe ruhusa.

Mungu akulinde njiani, akutulize kifua, akufungue ulimi.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata ninapokugombeza, na nitakayekugombeza mpaka nife.

Panda lori hili hili linaporudi. Njoo na koti. Usilifue, na kama kuna kifungo kimekatika usikiguse. Atakishona mwenyewe.