Mtoto wa Nne

Kemambo, Tarime
12 Agosti 1975

Kaka Kornelio,

Shikamoo. Sisi wazima, na mahindi yanakauka vizuri. Kitabu cha hadithi ulichotuma nilikisoma mara tatu, kisha nikamsomea Mama.

Tulipofika pale mwanamke anapoingia kijiji kipya akicheka, Mama, asiyejua hata herufi moja, alinisimamisha.

"Huyo hana furaha," alisema.

Nikamwambia kitabu hakisemi hivyo.

"Mwanzoni alikuwa na watoto wanne. Mbona sasa anataja watatu?"

Nikarudia kurasa. Ni kweli, na mimi sikuwa nimeona.

Asubuhi yake Mama aliondoka bila kuaga. Nilimkuta kwenye boma letu la zamani, tulikotolewa mwaka jana kupelekwa kijiji kipya, anang'oa majani kwenye kaburi la mdogo wetu Simioni. Tangu tuhame hakuwahi kumtaja. Alikuwa akicheka na majirani, nami nikadhani amezoea.

Amekataa kurudi kijijini. Mwenyekiti amempa hadi Jumamosi, halafu atatuma mgambo.

Njoo kabla ya hapo, kaka. Mimi nampelekea uji, lakini kumwambia arudi siwezi.

Mdogo wako,
Agustina