Ngazi Niliyoikata Louisville

Papa Josué,

Nyumba imefunguliwa. Ile nyumba kubwa ya zamani, ya matofali mekundu, tuliyoikuta imejaa njiwa tulipoanza kuikarabati. Juu sasa ni vyumba vya kupangisha, vina vitanda, sufuria, hata taulo. Chini kuna saluni na ofisi ya bima. Watu wanaingia na masanduku, wanakaa wiki mbili, wanaondoka.

Nitakueleza habari ya ngazi, maana sikukueleza ukiwa hai.

Msimu mzima wa baridi wewe ulikwangua rangi kwenye reli ya kushikia ya ngazi ile, tabaka baada ya tabaka, mpaka ubao wa mwaloni ukaonekana. Mimi nilikuwa nimetoka kiwandani, hata kushika randa sijui. Wewe ndiye uliyenifundisha. Halafu mwenye nyumba akasema ngazi ikatwe, ukuta uwekwe, wapangaji wasipite kwenye saluni. Ulivua aproni ukamwambia, "Mimi siikati." Ukanitazama. Nikaangalia chini. Nilikuwa nalea watoto watatu peke yangu kule mtaa wa Iroquois, Papa, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyoipenda katika nchi hii. Ukaondoka. Nikabaki, nikaikata.

Tangu hapo kanisani nikahamia ibada ya asubuhi, kwa sababu wewe ulisali ya mchana. Ulipolazwa, Mama Esperance, mke wako, alinipigia mara mbili kwamba unaniulizia. Nilimwambia nitakuja Jumamosi. Ulifariki Alhamisi.

Baada ya mazishi nilimwuliza ulitaka kuniambia nini. Nilijiandaa kwa lawama. Akasema, "Bon, alitaka kujua tu kama ulikata kwa mkono ao kwa mashine."

Kwa mkono, Papa. Siku mbili. Nilifuata maungio ya fundi wa kwanza aliyeijenga, kama ulivyonionyesha, ili iweze kuunganishwa tena, na vipande vyote ninavyo nyumbani, nimevifunga kwenye blanketi. Ningekwambia hayo kwa dakika tano tu, nimekaa kando yako. Nilidhani umenikasirikia, kumbe... Sikuja.

Siwezi kukuahidi kwamba ngazi itaunganishwa tena. Nyumba si yangu. Ninachokuahidi ni hiki: nikimkosea mtu, nitamwendea angali anaweza kunijibu.

Pumzika, Papa.

Mwanafunzi wako,
Furaha