Mabati ya Depo ya Papa Kahongya

Beni, Bungulu, 6/1/2003

Papa,

Nakusalimia, weye na mama. Muko wazima? Siye tuko, Mungu anatuchunga.

Miaka mbili imepita bila barua kati yetu, tangu ulikataa kuingia mu parokia ya Bakatolika siku ya ndoa yangu na Stanislas. Siandike juu ya ile. Vita imefukuza batu ba Mambasa. Banafika huku kwa miguu, na kiwanja cha masomo kwenye Stanislas anafundisha kimejaa. Juzi mama mumoja alizalia inje, mu mvua, benzake bakimufunika na kitenge. Butembo yote inajua venye unasaidia bajane. Unaweza kututumia shitingi za kufunika vibanda, hata kidogo?

Binti yako, Kyakimwa

Butembo, 11/1/2003

Mwanangu Kyakimwa,

Pokea salamu za nyumba yote. Nilimusomea mama yako barua. Alilia, kisha akaniuliza nangojea nini.

Shitingi hapana tena mu soko. Lakini depo yangu iko na mabati makumi nane juu, na ndani hamuna kitu tangu vita ilisumbua barabara. Kesho kutwa mafundi banapanda kuyatoa. Benzangu ba biashara banasema nazeeka vibaya. Wakati nilikuwa nazungusha samaki za Kyavinyonge juu ya velo, baiskeli yangu ya kwanza, batu balinilaza kwao bila kuuliza kanisa langu.

Nitayaleta miye mwenyewe na kamyo, siku ya kazi ya ine, tarehe 16. Bwana yako, umusalimie.

Papa yako, Kahongya

Beni, 20/1/2003

Papa,

Salamu kwa mama, maana weye sijue uko wapi. Tulikungojea siku ya kazi ya ine, mpaka leo. Dereva mumoja anasema basoda benye bunduki bamesimamisha kamyo yako kwenye bariera, na umekalishwa chini mu jua. Stanislas alisikia, akapanda velo. Tangu juzi hajarudi. Kama uko nyumbani, andika hata neno moja.

Kyakimwa wako

Butembo, 27/1/2003

Mwanangu,

Habari ya afya? Miye homa imeniachia, nakula.

Barua zako mbili zilifika pamoja: ile ya wasiwasi, na ile ya kusema mabati makumi saba yamefika na Stanislas. Najua hakukueleza vizuri, njo maana naandika.

Mukubwa wa basoda alitaka mabati kwa nyumba yake. Nilimwambia ni ya batu ba Mambasa, akanikalisha pale. Siku ya tatu Stanislas akafika, akanivalisha kofia yake, akakaa pembeni yangu. Mukubwa akamuuliza:

«Huyu muzee ni nani kwako?»

«Ni papa yangu. Kama anakaa, nakaa naye.»

Sikumukatalia.

Kesho yake bamama ba Kipese, benye kupeleka viazi Beni, bakapita. Mumoja, mujane Anne-Marie mwenye nilimusaidia zamani, akanitambua. Alishusha kitunga chake cha viazi mu barabara, akakaa. Benzake nao bakakaa, mpaka gari hapana kupita tena. Mukubwa akachukua mabati kumi, akafungua bariera. Homa ilikuwa imenishika. Stanislas akanipandisha mu gari ya kurudi Butembo, akaendelea na kamyo.

Siku ya Pasaka nitakuja na mama yako. Asubui nitaenda nanyi ku misa. Nitakaa nyuma kwanza, munivumilie. Kisha Stanislas atanisindikiza ku kanisa langu, kwa Babatiste.

Papa yenu,
Kahongya