Kwa Jaji wa Vichekesho, na Daftari Lake la Ishirini Bora

Mwaka umetimia Alhamisi hii, Jaji, tangu ulipotutoka saa nne asubuhi, ukiwa umeketi kitandani kwa sababu kulala chali ulikuwa huwezi tena, mto mmoja mgongoni na mwingine umeukumbatia kifuani kama mtoto. Mwaka mzima. Na mpaka leo mkeo, filamu ikifika pale pa kuchekesha, huvuta miguu yake pembeni ili upite.

Hajui kwamba anafanya hivyo. Sisi tunamwona.

Wasiokujua walisikia jina la Jaji wakadhani umesomea sheria. Ulikuwa mtu wa kiwanda cha nguo, idara ya kuchambua pamba, mashine ya sita kutoka mlangoni, miaka ishirini na saba. Ujaji wako ulikuwa wa Jumapili alasiri sebuleni, pazia limeshushwa, majirani wamejaa mpaka kizingitini na viti vyao walivyokuja navyo kichwani. Hapo ndipo ulipohukumu filamu za kuchekesha.

Chanzo kilikuwa gazeti. Wataalamu walikuwa wamepanga filamu mia bora za nyakati zote, ukazipitia kwa kidole moja baada ya nyingine, ukakuta kichekesho kimoja tu, namba ya tisini na nne, nacho ukasema kinachekesha kama kikao cha bodi. Dada yako mshonaji akakuambia kama unajua sana, andika yako. Kesho yake ulirudi na daftari gumu la kurasa mia mbili, ukaandika juu yake kwa herufi kubwa: Ishirini Bora. Kila mwisho wa mwaka ulitusomea orodha mpya. Sharti lilikuwa moja, filamu haiingii mpaka watu wawili waigombanie.

Lugha za filamu nyingi hatukuzijua, majina yake ndiyo kabisa. Tulizibatiza wenyewe. Ile ya Ngazi. Ile ya Mbwa wa Hakimu. Ile ya Bwana Harusi wa Suruali Moja. Mpaka leo mtaani kwetu mtu akichelewa sana huambiwa amekwenda kutafuta suruali.

Bibi wa jirani asiyeona ulimkalisha karibu nawe ukamsimulia sikioni kila anayeanguka. Baadaye tuligundua kwamba wakati mwingine ulimwangusha mtu ambaye hakuanguka, ili bibi acheke sawa na wenzake na asibaki nyuma.

Mdogo wako, fundi viatu, alikuwa akikudharau kwa jambo hili, na unajua ulimi wake. Alisema mwenye kiwanda ana orodha ya mali, polisi wana orodha ya majina, na wewe, mtu mzima, unaorodhesha watu wanaoteleza kwenye sabuni. Hukukasirika. Ulimjibu: "Mdogo wangu, nikikuambia napenda vichekesho, utasema haya, ujiendee zako. Nikikuambia changu ni cha nne na chako ni cha tisa, utakaa hapa mpaka giza liingie." Akafungua mdomo kubisha, na giza likaingia yuko palepale.

Ulikuwa na tabia moja tuliyoitania sana. Filamu ikinoga, watu wameshika mbavu, ulinyanyuka, ukainama ili usizibe picha, ukapita mbele ya miguu yetu na kutoka uani. Ulisema unakwenda kukaza bomba. Ukirudi, macho mekundu, unajifuta mdomo, tunakuambia Jaji, bomba lako lina wivu, linavuja kila tukicheka. Nawe unatabasamu. Tulikuwa tunacheka, baba. Tusamehe.

Sasa tuseme lile ambalo familia imelibeba mwaka mzima, kwa sababu mdogo wako hasahau kitu, na safari hii kumbukumbu zake zimemgeukia mwenyewe.

Alifukuzwa kiwandani siku ya Jumanne, miaka tisa iliyopita. Alisimama kantini mbele ya watu akauliza feni za kunyonya vumbi, zilizoonekana kwenye ramani ukutani mwa ofisi, mbona darini hazipo. Msimamizi mkuu alijibu kwa kuleta barakoa mia moja kwa watu mia nne, na barua moja kwa mtu mmoja. Wewe ulibaki. Ulikuwa na mke na binti shuleni. Hakukulaumu kwa mdomo, lakini aliliweka moyoni. Akafungua kibanda chake cha viatu ng'ambo ya lango la kiwanda, akae awaone wote wanaoingia, na wewe ukiwemo.

Basi miaka minne iliyopita, mwisho wa mwaka, ukafungua daftari kutusomea. Ile ya Ngazi ilikuwa namba moja kwa miaka kumi na mmoja. Wote tulijua. Safari hiyo namba moja ukaitaja Ile ya Mhasibu, ambayo hapa nyumbani hakuna aliyeimaliza bila kusinzia. Ukaendelea kushuka, na Ile ya Ngazi tukaisubiri mpaka shingo zikauma. Ilikuwa ya ishirini, ya mwisho.

Mdogo wako alisimama. Filamu hiyo ulimwonyesha wewe, ana miaka tisa, umembeba mabegani katika ukumbi uliojaa pomoni, mkacheka wote wawili mpaka mwenye ukumbi akawatoa nje. Alikuwa amekubali dunia ichukue vingi, hicho hakukubali.

"Umeanza kuogopa hata kucheka," alisema. "Wamekununua kule ndani, sasa unakuja kutupangia na sisi."

Ulifunga daftari taratibu, kama mtu anayefunika chakula. Mlangoni akageuka, akasema siku Ile ya Ngazi ikirudi juu, umtume mtu amwite.

Hukumwita. Miaka mitatu mlitazamana kwa ng'ambo ya barabara, wewe ukiingia zamu, yeye ana msumari mdomoni. Asubuhi ile tulipomtumia ujumbe, alikimbia na gundi mikononi. Alifika saa tano.

Msibani wapo waliosema kwa sauti ya busara kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Tuliwasikia na tunawakumbuka. Ulikwenda zahanati ya kiwanda mara saba. Mara ya kwanza waliandika baridi, mara ya pili mafua, ya tatu wakaandika sigara, wewe ambaye hukuwahi kushika sigara hata ya kumshikia mtu. Aliyeficha maradhi yako ana kalamu na muhuri. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi tuliisema methali hiyo miaka yote bila kufikiri kwamba nguo zenyewe mnazitengeneza ninyi.

Kiwanda kile kina desturi yake. Mtu akifa, mashine yake hupewa mwanawe, na huo wanauita wema. Wiki ya tatu tu binti yako akavaa koti lako la kazi la buluu, limepunguzwa mikono na shangazi yake, akaenda kusimama mashine ya sita. Baba yake mdogo alimzuia langoni. Binti alimuuliza kwa adabu viatu vyake vinalisha watu wangapi. Fundi akampisha njia.

Mwezi huu wa kumi mkeo alichoka. Alimwita shemeji yake, akamwekea daftari mapajani na kalamu juu yake. Akamwambia shemeji, irudishe namba moja yako mwenyewe, huu ugomvi wa mtu mmoja uishe nilale.

Fundi akafungua ukurasa wa mwaka ule wa ugomvi. Akashika kalamu. Hapo ndipo alipoona kwamba pembeni, mkono wa kulia, kuna maandishi madogo ya penseli ambayo hukuwahi kutusomea.

Ile ya Mhasibu: nimekaa mpaka mwisho.

Ile ya Mbwa wa Hakimu: nimetoka mara moja.

Ile ya Bwana Harusi: mara mbili, nimechelewa kurudi, wamenisubiri.

Na chini kabisa, Ile ya Ngazi: mara nne. Damu. Basi, hii siiwezi tena.

Alisoma kutoka juu hadi chini. Kisha akasoma kutoka chini hadi juu, na Ishirini Bora ikajipanga mbele yake vilevile kama tulivyoijua, haikukosa hata moja. Ulikuwa hujabadili hukumu, Jaji. Ulizipanga kwa kifua chako. Kilichokuchekesha zaidi ndicho kilichokukaba zaidi, ukakisogeza mbali nawe mpaka ukabaki na mhasibu anayehesabu bahasha.

Alitoka uani. Bomba lilikuwa kavu, limekazwa, kutu imelishika, halijavuja miaka. Juu yake, usawa wa kifua, rangi ya ukuta imelika na kung'aa mahali pamoja. Fundi aliweka kiganja chake pale. Kilienea. Alikaa huko mpaka mkeo akatoka kumtazama, akakuta mtu ameegemea ukuta, ameinama, kwa umbo lako lilelile, na mama wa watu akapiga kelele akaliita jina lako.

Tangu siku hiyo nyumba hii haicheki vizuri. Tunacheka, kisha wote tunanyamaza pamoja, tunasikiliza.

Jumatatu iliyofuata, zamu ya asubuhi ikipishana na ya mchana, fundi alifunga kibanda akavuka barabara. Watu wa kiwanda wanamjua. Walipomwona na daftari, wengine walianza kuharakisha, maana hotuba zake zina urefu wa treni ya mizigo. Hakuhutubu. Alisema hii ni orodha ya Jaji, akaanza kusoma.

Wakasimama. Nani asiyeijua orodha ya Jaji? Alisimulia Ile ya Bwana Harusi, na jinsi suruali ilivyobaki mlangoni. Wakacheka. Akaja Ile ya Mbwa wa Hakimu, mtu wa nyuma akadakia kwamba hapana, mbwa alikalia kiti kwanza ndipo hakimu akaingia. Wakabishana, wakacheka zaidi, msimamizi dirishani naye akicheka. Akafika kwenye Ile ya Ngazi. Akaisimulia yote, rangi inavyomwagika, mkwe anavyopanda, ngazi inavyotembea. Lango zima likalipuka.

Kisha kikaja kikohozi.

Kilianza upande mmoja, wa wale wenye nyuzi nyeupe kwenye nywele. Mtu mmoja, wawili, kumi. Watu wa kushona walikuwa bado wanacheka, watu wa kupaka rangi wanafuta machozi, na watu wa kuchambua pamba wameshika ukuta, wameshikana mabega, wameinama. Kicheko kilikwisha, kikohozi kikaendelea. Msimamizi alifunga dirisha. Langoni pale kila mtu akajua jirani yake yuko idara gani, na wao wenyewe hawakutazamana.

Fundi alimtafuta binti yako. Alikuwa pembeni, koti la buluu, midomo ameibana, macho yamemtoka. Hakucheka. Yeye, aliyekuwa akiigiza ile ngazi tangu ana miaka minne. Hapo fundi ndipo alipoogopa, kwa kuwa aliona kwamba mtoto anakizuia kicheko, na kwamba amekwisha kujua namna ya kukizuia.

Alimfuata. Hakuwa na sauti ya mkutanoni tena.

"Tangu lini, mama?"

"Mwezi wa nne. Jumatatu ndiyo mbaya. Jumapili kifua kinapumzika, Jumatatu ukirudi kwenye vumbi kinajifunga."

"Na hukusema."

"Baba alisema?" Akakohoa sasa, kavu, mara tatu. "Na wewe ningekuambia, baba mdogo, ungenihutubia. Mimi nilikuwa nataka mtu wa kukaa naye."

Kengele ya zamu ikalia. Watu wa idara nyingine wakaingia. Binti yako alilitazama lango, akalitazama daftari, kisha akakaa chini, palepale kwenye saruji, miguu ameinyoosha. Fundi akakaa kando yake. Mwanamke wa mashine ya nne akaja akakaa, akisema mgongo unamuuma tu, asieleweke vibaya. Mzee wa mashine ya tisa naye akakaa. Watu wa pamba walipofika ishirini na watatu, chumba cha kuchambua pamba kilikuwa kimya siku ya kazi, kwa mara ya kwanza tangu kijengwe.

Msimamizi alitoka kuuliza kiongozi wao ni nani. Alimtazama fundi, kama kawaida. Fundi akatazama viatu. Binti yako ndiye aliyejibu, bila kuinuka.

"Feni kwanza," alisema. "Zifungwe darini tuzione. Halafu tutainuka."

Leo ni siku ya tisa, Jaji. Wameleta barakoa, zimerudishwa na maboksi yake. Wameleta daktari wa kiwanda, naye aliombwa akae chini na wenzake asubiri vumbi liondolewe. Jana wameleta fundi wa feni, akapima dari, akaondoka. Hatujui kama atarudi, na hatukuandikii ili kukudanganya. Binti yako bado anakohoa Jumatatu. Jumatatu hii alikohoa kidogo kuliko ile iliyopita. Baba yake mdogo amekaa ubavuni pake siku zote tisa, na mashahidi tupo, hajahutubu.

Wanaokukumbuka ni mkeo. Binti yako, kifungua mimba wako na wa pekee. Mdogo wako, fundi viatu, anayekuomba radhi mbele ya watu wote wanaosoma hapa. Dada yako mshonaji. Bibi wa jirani, anayesema tangu uondoke hakuna anayeanguka vizuri. Na wenzako ishirini na wawili wa chumba cha pamba, waliotaka waandikwe na familia.

Maadamu tunapumua, Jaji, tutakukumbuka.