Wanaokula Kwangu ni Waliokwama

Alhamisi, 1 Novemba 1956
Nimekanda unga kabla ya adhana. Mahamri yameumuka vizuri. Chai tayari, hiliki imo. Hakuna aliyekuja ila nzi. Wapokomo wa Idsowe walipita na majembe, wakanisalimu kwa adabu, wakaenda zao. Makuti ya kibanda bado yananukia upya. Jioni nimekula mahamri yangu mwenyewe. 

Jumapili, 4 Novemba
Kaka Athmani amepita, anatoka Kipini. Hakuketi. "Nilikwambia, dada. Hapa kivukoni hakuna watu. Kuna mbu na viboko." Anataka nirudi kwake. Najua kwa nini. Tangu mume aniache nilikuwa mpishi wa mkewe, na mkewe hakuwahi kusema ahsante. Sirudi. Nife hapa.

Kabla ya kuondoka aliniuliza, "Haya, wamuuzia nani?" Nikachochea moto. Swali hilo ndilo lililoniuma.

Jumatano, 7 Novemba
Nimeweka kigoda mlangoni na kutazama watu. Kazi yangu ya leo ni hiyo tu.

Wakulima hawanunui. Wana ndizi zao, wana samaki wao. Waorma hawanunui pia, wao ndio wanaoniuzia maziwa. Mmoja wao, mwanamke aitwaye Hawa, huniletea kila asubuhi. Mimba yake imekuwa kubwa, anatembea kama bata, na bado anacheka kila kitu. Nampunja kwenye kipimo. Anajua. Anacheka.

Abiria wa lori la Witu walikuwa tumaini langu. Lakini hushuka, wakakuta pantoni inawangoja, wakavuka kwenda kula Garsen kwenye hoteli ya Mwarabu. Hata hawageuzi shingo.

Leo kamba ya pantoni ilinasa kwenye gogo. Wavutaji, wale wanaoivusha kwa kuvuta kamba, wakahangaika nayo hadi alasiri. Abiria walikuja kwangu mmoja mmoja, halafu wote. Walikula mpaka mahamri yaliyoungua.

Sasa najua. Mteja wangu si mkulima, si mfugaji, wala si msafiri. Ni msafiri aliyekwama.

Jumatatu, 12 Novemba
Mvua za bara zimefika. Maji ni mekundu, yanapanda. Pantoni imechelewa tena na benchi zimejaa. Palikuwa na mtoto analia njaa na mzee mmoja aliyekuwa akiwahi maziko Malindi. Niliwatazama nikafurahi.

Baada ya sala nimeomba mto ulete magogo mengi. Nimeinua mikono kabisa.

Ijumaa, 16 Novemba
Magogo hayaji kwa kuitwa. Nimemwita Komora.

Ni mtu wa kijiji cha Wema, mkubwa wa wavutaji. Mpole, kifua kama mlango, na anapenda kula. Nimemkalisha nyuma ya jiko, nikamwekea samaki wa kupaka.

"Kula, kaka. Wewe na wenzako mtakula kwangu bure kila siku. Ila lori likifika, mle kwanza."

"Kwanza?"

"Kabla ya kuvuta."

Alinitazama kidogo. Halafu akacheka, akavunja kichwa cha samaki. 

Jumanne, 20 Novemba
Mambo yamenyooka. Lori linafika, wavutaji wanakaa kula, abiria wanaona hakuna njia, nao wanakaa kula. Komora huwaambia kamba inakaguliwa. Nimeongeza sufuria na benchi.

Mwalimu mmoja alinung'unika kwamba huu ni wizi. Nikampelekea chai inayotokota. Akaungua ulimi. Nilicheka jikoni hadi nikashika ukuta.

Hawa hakuja. Amekuja mke mwenzake na maziwa. Anasema uchungu ulimshika Hawa tangu jana na mtoto hatoki. Nikasema Mungu amsahilishie. Nikamimina maziwa sufuriani.

Jumatano, 21 Novemba
Nitaandika kama ilivyokuwa.

Walimleta Hawa mchana, juu ya ngozi ya ng'ombe iliyofungwa kwenye miti miwili. Mumewe, Barisa, alikuwa mbele. Mkunga wao amekata tamaa, mtoto amekaa vibaya. Lori lilikuwa limeegeshwa kivukoni. Dereva ni mtu mwema, alisema papo hapo atamchukua mpaka hospitali ya Malindi. Likabaki la kuvuka tu.

Wavutaji walikuwa kwenye benchi zangu. Nilikuwa nimetoka kuwapakulia wali.

Barisa akaja mlangoni. "Mama, maji moto iko?" Nikampa birika. Akawageukia wavutaji. "Nyinyi watu ya kamba, twende. Mke yangu naisha."

Komora akasimama. Hakumtazama Barisa. Alinitazama mimi. Barisa alikuwa ameshatoka na birika.

Nyuma yangu sufuria ilikuwa bado imejaa. Abiria walikuwa bado wamepanga mstari. Nilisema kwa sauti ndogo, "Malizeni kwanza. Chakula hakitupwi."

Sikusema zaidi ya hayo. Komora akaketi. Wakala wameinamisha vichwa. Abiria nao wakaagiza. Wangefanya nini?

Birika lile lilikwisha, nikapeleka jingine mwenyewe. Hawa alikuwa amelazwa kwenye kivuli cha lori. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Alinishika mkono akasema neno kwa Kiorma, sikulielewa. Aliukaza sana mkono wangu. Wali ulikuwa unashika chini, nilisikia harufu yake. Nikajichomoa nikarudi jikoni.

Walipoanza kuvuta, lori na Hawa wakiwa tayari juu ya pantoni, mti mzima ulikuwa unashuka na maji. Ukaikumba pantoni katikati ya mto. Wakakaa hapo wakiusukuma kwa miti, pantoni haiendi mbele wala nyuma. Wavutaji huimba wakivuta. Wimbo ukakatika. Nilimwona Barisa akivua shuka lake la juu na kumfunika mkewe, uso na vyote.

Wali uliisha wote.

Alhamisi, 22 Novemba
Komora hakuja kula. Lori lilipofika alivuta mara moja. Benchi zangu zikabaki tupu.

Nikamfuata kivukoni. Hakugeuka. "Dada, usiniite tena."

Nimekasirika. Nani alimlisha? Nani alimshikia kijiko? Angeweza kusimama akaenda zake. Namchukia. Najichukia na mimi, lakini si sana.

Pengine hata wangeondoka mapema mti ungewakumba vilevile. Pengine mtoto asingetoka hata Malindi. Ndivyo ninavyojiambia tangu asubuhi. Lakini nilikuwa jikoni, niliuona mto. Ulikuwa mtupu muda wote walipokuwa wanakula.

Jumanne, 27 Novemba
Hakuna mtu. Mahamri yanakauka. Kaka ametuma salamu, anauliza nitarudi lini. Mke wake ana homa, hakuna wa kupika.

Nimeanza kufunga vyombo. Nimevifungua tena.

Jumamosi, 1 Desemba
Asubuhi nimemwona Barisa anakuja, na wanaume wengi nyuma yake, wote na fimbo. Nikashika kisu cha samaki. Sikukimbia. Sina pa kukimbilia.

Ameinama mlangoni, akaingia, akaketi kwenye benchi. Wenzake wakaketi pia. Fimbo wakaziegemeza ukutani.

"Mama," amesema, "siku ile watu yote nakula tu. Wewe peke yako naleta maji kwa mkono yako. Hawa nashika mkono yako, mimi naona." Ameonyesha wenzake kwa mkono. "Mimi nasema kwa boma yote. Mtu yetu nataka kuvuka, nakunywa chai hapa. Kwa mama huyu tu."

Nje, Komora alikuwa kando ya pantoni na kamba mkononi. Alikuwa anasikia. Aliangalia maji.

Nikafungua kinywa. Nikamwuliza Barisa kama anapenda sukari.

Amesema ndiyo, nyingi.

Nimewamiminia wote. Wanakunywa polepole, wanapuliza, hawana haraka. Wameomba tena. Mvua imesimama na mto umeanza kushuka.