Cheche Kidoleni

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimejaza naitrojeni kwenye jokofu kubwa la maabara. Mitungi miwili, peke yangu! Mlinzi kaniuliza humo mnagandisha nini. Nikamwambia elektroni — tunazifuga moja moja, mimi na mpwa wangu. Ukweli anafuga yeye, mimi nabeba mitungi. Anasema shida ni vile vijumba vya elektroni, nukta anaziita: hakuna mbili zenye tabia moja. Miezi saba anazibembeleza. Kipande cha chipu alichonacho sasa ndicho cha kwanza chenye nukta mbili zinazosikilizana. Leo kakitoa kwenye baridi abadilishe waya. Jumatatu wakubwa wanakuja kukiona.

Ijumaa, 7 Machi
Mpwa alitoka kula. Nikamwita mlinzi ajionee. Ule ukanda wa mkononi, wa kupunguza umeme wa mwilini, sikuvaa — nionekane nimefungwa kama mbuzi? Nikavua sweta kwa mbwembwe, nikakigusa kipande. Tap! Cheche ndogo, kiroboto anauma zaidi. Mlinzi akacheka, eti mzee elektroni yako imekung'ata! Nikacheka pia. Nikakifunika.

Jumatatu, 10 Machi
Kipande kimekufa. Nukta zote kimya, mbele ya wageni! Mkuu wa maabara akauliza nani alikishika. Mpwa wangu akasema kwa sauti ndogo, labda ni mimi, labda nilisahau ukanda. Mtoto wa dada yangu!

Nikafungua mdomo niseme. Kikatoka kingine. Nikasema Ijumaa umeme uliruka mara tatu, jokofu likanguruma kama simba. Maisha yangu yote nasimulia mamba niliopigana nao, hakuna aliyewahi kuniamini. Leo wameamini. Mkuu kaandika kwenye daftari.

Jumatano, 12 Machi
Siku ya tatu mpwa anafungua nyaya za jokofu, moja moja, zaidi ya mia. Anatafuta umeme ulipoingilia. Asipopaona, Mkuu hampi kipande kingine. Kazi yake imeishia hapo. Hali chakula, macho mekundu.

Asubuhi kaniambia, bila wewe mjomba ningejilaumu mpaka kufa. Nikaenda chooni, nikakaa tu.

Naandika haya wakati wa chai. Mlinzi yuko mlangoni, ananitazama. Leo hacheki. Mpwa huyo anaita tena — mjomba, njoo unimulikie huku nyuma, nadhani nimepata kitu!

Hajapata kitu. Nimeshika tochi.