Kondoo Hawalali Nje Desemba

Jumatano, 1 Desemba 1999

Baba amekubali! Naandika hapa ili nikisoma kesho niamini. Atabatizwa Krismasi, na siku hiyohiyo wafunge ndoa na mama kanisani.

Miaka arobaini na moja! Ng'ombe wa mahari alitoa, watoto saba wakazaa, lakini kanisani mzee hakanyagi. Kwa hiyo mama, bila ndoa ya kanisani, Jumapili zote hizo yuko benchi la nyuma. Wenzake wakienda kupokea komunyo, yeye anabaki kuwashikia mikoba. Mimi nimekua nikimwona mama yangu amezungukwa na mikoba ya watu.

Tangu Kwaresma baba anamsindikiza kwenye mafundisho. Eti anasindikiza tu. Leo nimemuuliza kilichombadilisha ni nini. Amesema, "Nimechoka kumwona na ile mikoba." Basi, hana maneno mengine.

Jumamosi, 4 Desemba

Katekista Anselmo amekuja na fomu. Amenikuta barazani kwa Rabia, jirani yetu muuza vitambaa, kwenye cherehani yangu, nimezama mpaka shingoni kwenye sketi za kwaya. Baba kama kawaida yuko pembeni, anaangalia barabara ya Makanyagio kama anasubiri mifugo ipite.

Jina: Ndaki Malale. Jina la ubatizo: Isidori. Mama ndiye kalichagua, mtakatifu wa wakulima. Baba akauliza kama huyo Isidori alifuga. Anselmo akasema nadhani alikuwa na maksai. Likapita.

Tarehe ya kuzaliwa. Hapo ndipo!

Baba: nilizaliwa wakati wa kupura mtama, mwaka ule baada ya nzige. Anselmo akasema mzee wangu, fomu haina nafasi ya nzige. Akataka kuandika 25 Desemba 1931, iwe na heshima. Baba akamshika mkono wenye kalamu. Siku hiyo ina mwenyewe, akasema. Hajawahi kuswaga ndama wa mtu, hataanza uzeeni na siku ya kuzaliwa ya Yesu. Tena haingii kwenye maji na uongo mkononi.

Anselmo akaniangalia mimi! Mimi nifanyeje? Kaondoka na fomu ina pengo.

Jumapili, 5 Desemba

Mahubiri yote Yubilei. Mwaka kesho Yesu anatimiza miaka elfu mbili. Baba akaniinamia sikioni: "Nani alihesabu?" Nimecheka mpaka kwaya wamegeuka. Mama kanifinya.

Jumatano, 8 Desemba

Nimempeleka mama hospitali kwa ile miguu yake inayovimba. Moyo umepanuka. Daktari aliniita pembeni, akasema dawa zipo, apumzike, lakini tusipange mambo ya mbali. Mbali ni wapi? Akasema tuombe afike Pasaka.

Nilipotoka nilijitahidi kuchangamka. Wapi! Mama alishasoma kila kitu usoni kwangu. Njiani akasimama kupumua, akaniapisha: baba yako asijue. "Akijua ataingia kwenye maji kwa kunihurumia mimi. Nimemsubiri muda wote huo aje kwa miguu yake. Usiniharibie mwishoni, Lucia."

Nimeapa. Jamani, nimeapa.

Jumapili, 12 Desemba

Siku imechafuka, na aliyeichafua ni baba.

Mafundisho baada ya misa. Anselmo akasoma ile Injili ya wachungaji, waliokaa makondeni wakilinda kundi lao usiku. Baba akanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ilikuwa mwezi gani?"

"Desemba, mzee. Krismasi."

"Haiwezekani."

Baba akasimama kabisa. Akaeleza: Desemba mahindi yako magotini. Ukilaza mifugo nje mwezi huu, asubuhi imemaliza shamba la mwenzio na wewe uko kwa mtendaji wa kijiji unajieleza. Desemba mifugo inalala zizini. Inalala makondeni kuanzia Juni, watu wakishavuna, yanabaki mabua tu. Ndiyo vijana wanalala nayo huko, wanaota moto. Alivyofanya Shinyanga ndivyo alivyofanya Kibaoni alipohamia na ng'ombe wake, na sasa kaka Masalu anafanya vilevile.

Anselmo akasema mzee, hao walikuwa kondoo. Loo! Ndiyo kaharibu zaidi. "Kondoo? Kondoo na mvua? Umewahi kufuga kondoo wewe?"

Anselmo akajitetea kwamba Betlehemu siyo huku kwetu Mpimbwe. Baba akamjibu kuwa mabua ni mabua.

Mama alicheka hadi akashika kifua. Nilimwangalia ule mkono kifuani, kicheko changu kikaisha.

Jumanne, 14 Desemba

Kazi inaniua. Huku nguo za Krismasi, huku Rabia kanijazia za Idi. Yeye amefunga, anauza vitambaa kwa sauti ya chini, mimi nakunywa chai nimejificha nyuma ya majora ili nisimtese.

Nikamsimulia kituko cha baba. Rabia akasema lakini mzee ana haki yake. Kwao wanasoma kwamba Bibi Mariamu alijifungua chini ya mtende, na tende mbivu zikamdondokea. Na tende zinaiva kwenye joto, siyo kwenye baridi ya Desemba ya kule.

Nikamwambia Rabia nyamaza, baba yuko nyuma yako!

Nimechelewa. Baba ameng'aa uso mzima. "Kumbe hata nyie mnajua!" Akamshika Rabia mkono kwa mikono miwili. Vitabu viwili sasa, kila aliyepita barazani ameambiwa.

Alhamisi, 16 Desemba

Anselmo, maskini, kaenda kumuuliza padri. Karudi hana raha. Padri kamwambia mzee hajakosea kuuliza. Hakuna Injili iliyoandika tarehe. Kanisa liliichagua siku, watu washangilie pamoja. Hata aliyehesabu miaka alikosea kama minne, mitano. Hiyo elfu mbili huenda ilishapita!

Nilidhani baba ataridhika. Kumbe nilikuwa simjui baba yangu.

"Basi nitasubiri," akasema. "Nibatizwe msimu wake wa kweli, wa kupura mtama. Tulizaliwa msimu mmoja, mimi na yeye." Anafurahi! Macho yamemlowa kwa furaha. Eti Julai.

Nimejichoma sindano ya cherehani kwenye kidole. Damu kwenye sketi ya watu.

Mama alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama kwenye ungo, halafu ukaendelea. "Ni vizuri, Baba Masalu. Hata Julai misa ipo."

Jumapili, 19 Desemba

Nimemgombeza baba. Mungu anisamehe, sijawahi. Nimemwambia ana ukaidi wa punda, mama amesubiri miaka yote hii na yeye analeta hesabu za mabua. Hakukasirika, na ndicho kilichoniuma. Aliniita mayu, yaani mama, anavyoniita akinibembeleza. Akasema maisha yake yote watu wa ofisi wamemwandikia tarehe wanazotaka. Sensa yake, chanjo yake, kadi yake, kila karatasi mtu tofauti. Kwa Mungu peke yake anataka afike jinsi alivyo.

Nikaenda kwa mama jikoni kulia. Akasema kwani wewe tarehe yako unaijua? Nikasema ndiyo, tarehe nane Septemba. Mama kacheka! Kumbe tarehe nane Septemba ndiyo siku padri alipopita kijijini na daftari. Mimi nilizaliwa kabla, siku ambayo baba alikuwa porini anatafuta mtamba aliyepotea. Alirudi bila mtamba, akanikuta mimi. Akasema basi, hasara hakuna.

Miaka thelathini na mbili najipikia wali tarehe ambayo siyo yangu. Na hakuna aliyenipa hadithi nzuri kama hiyo.

"Maria aliijua siku yake," mama akasema. "Ila waandishi hawakumuuliza."

Jumatano, 22 Desemba

Mvua kutwa. Shati la baba nimelishona hivyohivyo. Jeupe, mfuko mmoja. Gauni la mama nimelipanua kiunoni mara ya pili. Hakuuliza kwa nini naendelea kushona, na mimi sikusema.

Anselmo kapita. Padri kasema hata pengo libaki, atambatiza. Lakini nani aende kumkokota mzee?

Ijumaa, 24 Desemba

Asubuhi baba katafuta ndala zake. Uvunguni, nje, kwenye banda la kuku. Akaanza kulaumu watoto wa jirani.

Zilikuwa miguuni kwa mama.

Mama yuko kwenye ndoo anafua, na zile ndala kubwa za baba zimemjaa pomoni, mikanda imezama kwenye nyama. Zake hazimwingii tena. Sikujua! Nalala naye nyumba moja na sikujua.

Baba akasimama hapo. Akachuchumaa kwa taabu, akambonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, anavyobonyeza ng'ombe. Shimo likabaki. Akalitazama halijai. Mama akavuta kanga kufunika. "Niachie nifue, Baba Masalu. Ni joto tu."

Baba akanijia barazani. Akakaa kwenye benchi la wateja, akashika kipande cha kitambaa, anakikunja, anakikunjua.

"Mayu. Kuanzia leo mpaka kupura mtama, ni miezi mingapi?"

"Saba, baba."

Akakunja kitambaa.

"Ni mingi."

Naapa sikusema, nilikanyaga cherehani tu, na haikuwa hata na uzi.

Kisha akanyanyuka. "Mwambie Anselmo aandike tarehe yoyote anayoitaka."

Jumamosi, 25 Desemba

Naandika nimesimama, karatasi juu ya cherehani niliyoiingiza ndani jana. Mvua imekatika. Rabia kaleta uji wa mgonjwa na yeye mwenyewe amefunga. Nampenda Rabia.

Mama ameamka akakuta ndala za baba kitandani upande wake, zimefutwa tope. Baba peku. Akaniita: umemwambia? Nikasema sikumwambia, mama. Kaniangalia usoni, muda mrefu. Ni kweli, sikumwambia.

Akamuuliza mwenyewe. "Unakwenda kwa nani, Baba Masalu? Kwa Mungu au kwangu?"

Baba akasema hajui kuwatenganisha. Ng'ombe wa kulima ni wawili, yeye hakuwahi kumfunga nira mmoja peke yake. Mama kakunja uso. Kisha akavaa zile ndala.

Kengele ya kwanza imelia.

Baba yupo mlangoni na shati jipya, vifungo kavikosea, bega moja liko juu. Mama amesimama mbele yake na ndala kubwa, anavifungua vyote. Sasa anaanza upya kutoka chini. Polepole, anapumua kila kifungo. Mkoba wake kaninyooshea bila kugeuka: "Nishikie."

Nimeushika. Vimebaki vitatu. Kengele ya pili hiyo —